Picha Inayokubali Kusahihishwa

Mchoro unaosomwa kuliko yote jijini Nairobi hauna sahihi ya msanii. Ni alama ya X, nyekundu, iliyopigwa kwa brashi pana kwenye ukuta wa nyumba iliyo kando ya barabara au ya mto. Huchorwa kwa muda usiofika dakika moja, na jioni hiyo hiyo mtaa mzima unajua nani atabomolewa na nani amesalimika. Unaoufuata ni maneno matatu yaliyoandikwa kwenye mageti na kuta za mawe: PLOTI HII HAIUZWI. Mwenye ploti ameyaandika kwa sababu anajua matapeli wanaweza kumuuzia mtu ardhi hiyo kwa karatasi za kughushi naye yuko kazini.

Michoro hiyo miwili inafanya kazi iliyotumwa. Ila yote inafunga mazungumzo: X inaamuru, HAIUZWI inaonya. Kwa hiyo anayetaka sanaa ifungue mjadala wa mageuzi ya ardhi asidhani anazikuta kuta kimya. Kuta za jiji hili zinazungumza ardhi kila siku. Kinachokosekana ni mahali pa mwananchi kujibu.

Naamini picha inayozaa mjadala wa ardhi ni ile ambayo mpita njia anaweza kuisahihisha. Akiitazama tu na kusema "imechorwa vizuri", akaenda zake, imekuwa pambo. Akisogea, akaweka kidole na kusema "hapana, kisima hakiko hapa, kiko nyuma ya kanisa", mjadala umeanza, na umeanzishwa na mtu anayejua.

Tulishaona picha zikitikisa jiji. Mwaka 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na kundi la wachoraji wa grafiti walipaka kuta za katikati ya jiji michoro ya tai mla mizoga aliyevaa kama mwanasiasa. Januari 2015, picha za wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road wakiwa na sare zao, wakisukuma ukuta uliojengwa na wanyakuzi kuzunguka uwanja wao wa michezo huku vitoa machozi vikirushwa, zilifanya zaidi ya taarifa kumi za magazeti. Nazithamini zote mbili. Lakini kazi hizo zilionyesha mwizi na zikaonyesha wizi. Hasira ikapanda, kama ilivyostahili. Mageuzi ya ardhi yanahitaji na kazi ya pili, iliyo polepole zaidi: watu wakae waseme mpaka upite wapi, nani ahesabiwe, barabara iwe na upana gani, mpangaji apewe nini.

Kabla ya kununua rangi, tafuta swali. "Mageuzi ya ardhi" ni gunia kubwa mno. Ndani yake mna Ibara ya 61 ya Katiba ya 2010, inayogawa ardhi kuwa ya umma, ya jamii na ya kibinafsi; mna Tume ya Taifa ya Ardhi; mna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016; mna Ardhisasa, mfumo wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni ulioanza Nairobi mwaka 2021; mna ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004, iliyosema hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Ukitia yote kwenye ukuta mmoja utapata shamba la mahindi, mkono ulioshika hati, jua linachomoza, na hakuna atakayesema lolote. Chukua swali moja ambalo lina ofisi ya kulijibu na tarehe ya mwisho. "Njia hii ya mita 2 ikipanuliwa kuwa mita 6, zinaenda nyumba zipi?" Hilo linachoreka.

Ramani ya kuwekwa kidole

Chombo cha kwanza ninachokipendekeza si ukuta. Ni ramani kubwa kwenye meza au chini kwenye turubai, na siri yake iko kwenye skeli. Ramani za usajili wa ardhi huku kwetu mara nyingi ziko kwenye skeli ya 1:2,500. Ploti ya futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30, inakuwa milimita 6 kwa 12. Kidole cha mtu mzima kinaifunika ploti yote na ya jirani. Watu wataitazama kwa heshima na kunyamaza, na mpima ardhi ndiye atakayezungumza peke yake.

Panua mpaka 1:500. Sasa sentimita 1 ni mita 5, na ploti ile ile ni sentimita 3 kwa 6: kidole kinaingia ndani yake, na nafasi ya kuandika inabaki. Karatasi ya A0 kwa skeli hiyo inabeba eneo la mita 420 kwa 594, linalotosha kijiji kimoja cha Mukuru au Mathare. Mtaa ukiwa mkubwa, unganisha karatasi mbili au tatu, lakini usipunguze skeli ili uokoe gharama ya kuchapisha. Picha ya setilaiti ichapishwe kwa rangi hafifu ya kijivu ili kalamu ya wino mzito ionekane juu yake. Ifunike kwa plastiki angavu, mradi wino uwe ule usiofutika kwa jasho la viganja.

Usiandike mistari ya mipaka mwenyewe. Weka alama tano tu ambazo hakuna anayezibishania: shule, msikiti au kanisa, mti mkubwa, stendi, bomba la maji. Watu wakishajipata kwenye ramani, watachora wenyewe. Na kosa moja la makusudi halidhuru: jina la njia likiandikwa vibaya, mzee wa kwanza kulisahihisha amewafungulia wengine mlango.

Rangi za kalamu zichaguliwe kwa uangalifu ambao wageni huwa hawaufikirii. Kijani na manjano vikikaa pamoja, au chungwa peke yake, watu wanaona chama cha siasa. Nyekundu wanaona X. Tumia buluu, kahawia na nyeusi. Buluu kwa kinachotakiwa kubaki, kahawia kwa kinachozozaniwa, nyeusi kwa majina.

Chokaa chini, kipimo halisi

Ramani bado ni lugha ya karatasi. Kuna watu wanaoisoma kwa shida, na wengi wao ndio wanaoijua ardhi yenyewe kuliko wote. Kwa ajili yao chora kwa ukubwa halisi, chini, kwa chokaa. Sioni sanaa nyingine ya ardhi inayoleta maneno haraka hivi, na inagharimu kidogo.

Unahitaji mfuko wa chokaa wa kilo 25, chumvi konzi mbili kwa kila ndoo ili isipeperuke ikikauka, ndoo mbili, brashi ya inchi nne, kamba ya fundi ya mita 50 na vigingi. Koroga chokaa na maji mpaka iwe kama uji mwepesi. Vaa glavu na uwaweke watoto mbali hadi ikauke, maana chokaa mbichi inaunguza macho. Kona ipate pembe mraba kwa kanuni ya mafundi ya tatu-nne-tano: pima futi 6 upande mmoja, futi 8 upande wa pili, na mshazari uje futi 10 kamili. Ukichora ploti ya 50 kwa 100, mshazari wake uwe futi 111 na inchi 9 na nusu hivi. Ukizidi, kona zimepinda na mtu ataondoka akisema mmemwibia.

Jambo la kwanza la kuchora uwanjani ni ile "thumuni ya eka" inayotangazwa kwenye mabango ya wauza ploti. Thumuni ya eka ni futi za mraba 5,445. Ploti ya 50 kwa 100 ni 5,000. Chora 5,000 kwanza, kisha kando yake uchore zile 445 zinazopungua: ni zaidi ya vyumba vinne vya futi kumi kwa kumi, vile ambavyo familia nyingi za mitaa yetu zinaishi. Mtu akisimama ndani ya mraba wa futi kumi uliochorwa mara nne mfululizo, hahitaji kuelezwa kwa nini vipimo ni suala la haki.

Jambo la pili ni barabara. Njia ya mita 2 ikipanuliwa kuwa mita 6, inachukua mita 2 kila upande. Chumba cha futi kumi kina kina cha mita 3 na kidogo, kwa hiyo kinabaki na mita moja. Vuta mstari wa chokaa kutoka nje, upite chini ya mlango na uingie ndani, mwenye chumba akikubali. Utapita katikati ya kitanda. Hapo maswali yanakuja yenyewe: kwa nini mita 6? Gari la zima moto linahitaji ngapi hasa? Je, tukikubaliana njia moja pana na nyingine tatu za miguu? Haya ni maswali ya wapangaji wa miji kabisa, na huko Mukuru, tangu kaunti ilipotangaza eneo hilo kuwa la mipango maalum Agosti 2017, wakazi wa kaya zipatazo 100,000 wamekuwa wakiyabishania katika mikutano. Upana wa barabara ndio unaoamua nani anabaki.

Mvua ikinyesha, chokaa inaondoka. Naiona hiyo kuwa faida. Mchoro wa kudumu katikati ya mtaa unaweza kugeuzwa ushahidi kwamba "wakazi walikubali". Piga picha kutoka juu ya ghorofa la jirani, andika tarehe, uache usafishwe.

Funzo la leso

Karatasi za matangazo huwa zinaning'inizwa na kuchanika. Leso inarudi nyumbani, inafungwa, inabeba mtoto, inasomwa mwaka mzima. Na muundo wake tayari ni muundo wa ploti: pindo ni mpaka unaozunguka, mji ni uwanja wa katikati, jina ni maneno yaliyo chini. Sijui umbo lingine la picha ambalo mama wa Kawangware na mama wa Lamu wanalisoma bila kufundishwa.

Kwa kitambaa cha kiasi cha sentimita 150 kwa 110, pindo lichorwe alama za mipaka zinazotambulika hapa: bikoni, ua la itoka ambalo Wakikuyu walipandia mipaka, ua wa mchongoma, nguzo na waya. Mji uwe mchoro mmoja tu. Jina liwe swali, lisizidi maneno sita. NANI ALIULIZWA KABLA YA KUPIMA? yanatosha. Methali zinavutia, ila methali humaliza maneno na sisi tunayatafuta.

Kwa uchapishaji wa fremu na wavu, wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita unafaa pamba. Pamba iitwayo marekani, isiyofuliwa, ina wanga unaozuia rangi kushika. Ifue kwa maji moto kwanza. Rangi ikikauka, piga pasi kali upande wa nyuma kwa dakika tatu hadi tano. Wanaoruka hatua hiyo huona jina likitoka kwenye beseni la kwanza.

Ukuta, kwa wanaoung'ang'ania

Ukuta una kazi yake: unakumbusha. Ukuta wa mita 6 kwa 2.5 ni mita za mraba 15. Kwenye plasta yenye mikwaruzo, lita moja ya rangi ya maji inapaka kama mita za mraba 7 au 8 kwa tabaka moja, kwa hiyo tina la lita 4 ni tabaka mbili za msingi. Ongeza lita moja moja ya rangi tatu na nyeusi. Plasta mpya iachwe siku 28, la sivyo chumvi itatoka nje na kusukuma rangi. Sentimita 40 za chini zipake rangi moja nyeusi au kahawia, kwa sababu unyevu, matope na mateke yote yanaishia hapo.

Mabati ndiyo yanayowaaibisha wengi. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye bati jipya la zinki hutengeneza utando kama wa sabuni kati yake na bati, na baada ya miezi kadhaa inabanduka kama ganda. Osha bati kwa sabuni na siki, suuza, lisugue kidogo kwa msasa, kisha utumie andakoti ya mabati au rangi ya maji ya akriliki. Bati la zamani lililopata kutu kidogo linashika rangi vizuri kuliko jipya.

Kupandisha mchoro, chora picha ya sentimita 24 kwa 10 yenye miraba ya sentimita 1. Ukutani kila mraba ni sentimita 25. Herufi za kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara, mita 12 hivi, ziwe na urefu wa sentimita 10 au zaidi. Abiria wa matatu atasoma maneno saba, si zaidi.

Na maelezo madogo chini ya picha yapewe muda sawa na picha. David Goldblatt wa Afrika Kusini alipiga mwaka 1993 picha ya vichaka tu, kule Kirstenbosch, Cape Town. Maelezo yake ndiyo yanayokukamata: ni mabaki ya ua wa mlozi mwitu uliopandwa mwaka 1660 kuwazuia Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, wasiingie kwenye makazi ya kwanza ya Wazungu. Bila maelezo hayo ni msitu. Nayo, ni mpaka ulioishi zaidi ya miaka 330. Bikoni iliyofukiwa nusu kwenye takataka za Eastleigh inaweza kupigwa picha hivyo hivyo, iandikiwe mwaka na kinachosemwa na kumbukumbu za umma.

Msanii Hans Haacke alifanya jambo la namna hiyo New York mwaka 1971: picha zaidi ya 140 za majengo ya kupangisha, kila moja na taarifa kutoka kumbukumbu za umma kuhusu nani anamiliki na kupitia kampuni gani. Jumba la makumbusho la Guggenheim likafuta onyesho lake kabisa. Picha zenyewe zilikuwa za kawaida mno. Taarifa ndizo zilizouma. Sisi tuna Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa. Notisi ya kutwaa ardhi imo humo kwa herufi ndogo. Ikuze mara kumi, itafsiri kwa Kiswahili chepesi, itundike pale pale ardhi ilipo. Kisheria uchunguzi wa Tume ya Taifa ya Ardhi kuhusu fidia hufanyika siku zisizopungua 30 baada ya notisi ya kusudio, na tarehe yake hutangazwa angalau siku 15 kabla. Ziandike siku hizo kama miraba ya kalenda, na kila asubuhi mtu apake mmoja.

Watu wakikusanyika

Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, kati ya siku 3 na 14 kabla, na uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Peleka nakala mbili, moja irudi na mhuri. Mwenye ukuta akupe ruhusa kwa maandishi. Ukuta ukiwa wa umma, nenda kaunti.

Kwenye mitaa yetu wengi ni wapangaji, na mwenye vyumba huwa amesimama pale pale. Mkiwaita pamoja, mpangaji hataweka kidole mahali popote. Fanya vikao viwili, saa tofauti, juu ya ramani mbili zinazofanana, kisha zitandazwe kando kando siku ya tatu. Tofauti zitaonekana bila mtu kutajwa. Kina mama wapewe kikao chao vilevile, Jumapili alasiri baada ya ibada na si asubuhi ya kuchota maji. Kila mtu apewe vibandiko vitatu tu vya kuweka kwenye ramani panapomgusa. Akipewa kumi atavibandika kote, na hutajua linalomuuma.

Ipo hatari ambayo nimeiona ikidharauliwa mno: ramani na kalamu huzaa uvumi kwamba watu wanaandikishwa ploti. Usiku huo huo vibanda vipya vinasimama, na walaghai wanaanza kukusanya pesa za "fomu". Andika juu ya ramani, kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha habari: HII SI ORODHA YA KUGAWA PLOTI. HAKUNA MALIPO. Usiandike majina ya kaya wala nyumba isiyo na karatasi, kwa kuwa picha ya simu inamfikia mnunuzi kabla ya jua kuzama. Usiweke namba wala alama yoyote kwenye milango. Usichore nguo au sura itakayoambiwa ni kabila fulani. Nchi hii ililipa kwa damu mwaka 2007 na 2008. Mwanasiasa akileta tina za rangi, mshukuru, umwombe aje kama mkazi na vibandiko vitatu.

Mwisho wa siku hesabu alama, geuza hesabu kuwa barua ya ukurasa mmoja yenye picha ya ramani, uipeleke ofisi inayohusika na urudi na mhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ikiomba pia taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 za kujibu.

Ndiyo maana kila mchoro wa ukutani ubakishwe kona ya chini kulia, mraba wa sentimita 50, mweupe, usiochorwa kitu. Siku barua inapopokelewa, andika tarehe hapo. Jibu likija, fupisha kwa mistari miwili ulipake. Lisipokuja, mchoraji arudi siku ya 22 na brashi ndogo na rangi nyeusi, aandike 22, na kesho yake 23.